Mfuko Usiovuja Tone

Tarehe 9 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na hayo masikio yako yaliyogoma. Ningekuwa na mjomba anayesikia, tena karakana yenye simu, ningepiga nikamaliza maneno kwa dakika tano, lakini kelele za cherehani zako zimetuletea hasara sote. Mimi sijambo. Bado niko kinuni, kwenye mizani, napima magunia ya unga tangu saa moja asubuhi, na nikirudi jioni nimekuwa mweupe mpaka kope. Watoto wa ghorofani wananiita Mzuka. Mama anakusalimu. Yaani, nilipomwambia nakuandikia aliinua mkono wa kushoto, nami nimeuhesabu kuwa ni salamu.

Tumehama. Mwenye nyumba aliitaka nyumba yake, na bustani ya Mama ya miaka thelathini ikabaki uani kwa watu wengine. Sasa tuko ghorofa ya tatu: vyumba viwili na roshani yenye urefu wa kitanda. Siku tulipohamia Mama alifunga mdomo. Si kwa maneno, maana maneno tangu kile kiharusi cha Oktoba yalishabaki machache. Alifunga mdomo kwa chakula. Nikimletea kijiko anageuza uso ukutani. Nilibembeleza, nikakasirika, nikalia mbele yake kama mtoto. Akaniambia maneno matatu tu: "Sili cha kuletewa." Daktari alimpima uzito mara mbili, akasema mwili wa Mama unaweza, mwenyewe ndiye hataki, na kwamba akiendelea hivi hatafika katikati ya mwaka.

Muuguzi anayekuja kumnyoosha mkono ndiye aliyenipa akili. Alisema siku hizi watu wanapanda mboga kwenye mifuko ya kitambaa, hata kwenye ngazi. Kitambaa kinapumua, maji ya ziada yanatoka, mizizi haijibani. Nikakata blanketi kuukuu, nikashona mifuko minne kwa mkono (usiulize mishono ikoje), nikajaza udongo, samadi, na maganda ya mpunga ya kinuni ili isiwe mizito. Nikamsogeza Mama na kiti chake hadi roshanini. Mbegu za mchicha alizitia yeye, kwa mkono wa kushoto.

Mjomba, wiki ya nne aling'oa majani yake mwenyewe akanipa nikapike. Akala. Akala bakuli zima, na akanitazama kama aliyenishinda kesi. Tangu siku hiyo anakula kila kinachotoka kwenye mifuko ile na kinachopikwa pamoja nacho. Nje ya hapo, hataki.

Sasa tatizo. Mifuko inavuja, na maji yanamdondokea jirani wa chini kwenye nguo alizoanika. Mwanzo alipanda kulalamika kwa upole. Juzi alipanda na shuka jeupe lenye ramani ya udongo, akalitandaza mezani kwangu. Msimamizi wa nyumba amenipa mpaka mwisho wa Machi: ama maji yakome, ama mifuko iondoke. Wewe ndiye fundi wetu. Nifanye nini?

Na unakuja lini? Mama hajauliza kwa mdomo, lakini akisikia hatua ngazini hugeuza kichwa.

Ni mimi mpwa wako,
Kijiko


Tarehe 21 Februari

Kijiko wangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Barua yako imenifikia mbele ya lango la karakana, mkononi mwa Kufuli, yule mlinzi wetu. Huwa anasoma jina la kila bahasha kwa sauti kama anaita mahabusu. Ananishinda drafti kila siku, basi anadhani amekuwa mkubwa wangu. Mimi mzima. Malori yanaingia na kutoka, kila moja na turubai lake lililochanika, nami nashona. Ndiyo maisha.

Nimecheka kwa Mzuka, halafu nikaacha kucheka. Huyo dada yangu namjua. Alitulisha sisi wadogo zake kabla hajajilisha mwenyewe, hajawahi kukaa akangoja sahani ya mtu. Usimlazimishe. Mwachie mifuko yake.

Na kuhusu hiyo mifuko, mwanangu, umenitia aibu. Mpwa wa fundi turubai anashona blanketi! Mfuko unaovuja si mfuko, ni chujio. Miaka arobaini nimefunika sukari, saruji na chumvi za watu, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kusema mvua imepita kwenye mshono wangu. Nakutumia mifuko sita, turubai zito, mshono mara mbili, na nta juu ya mshono. Mmoja tuliujaza maji asubuhi, Kufuli akakaa kando yake na kiti mpaka lango likafungwa. Hakuona hata tone. Mwambie jirani wako aanike hata nguo za harusi.

Unajua ni nani aliyenifundisha kushona? Si fundi yeyote wa mjini, ni mama yako. Nilikuwa na miaka tisa. Alinifunga kitambaa machoni akanipa sindano, akasema mshono unaotegemea macho ni mshono wa mvivu. Nikimaliza anapitisha kidole, naye amefumba macho vilevile, akifika nilipokosea anagonga mara tatu. Mara tatu, basi. Nilikuwa naogopa kidole kile kuliko kiboko cha mwalimu.

Kuja nitakuja. Acha kazi zipungue kidogo. Pandeni nyanya, nami zikiiva nitakuwa mlangoni.

Mjomba wako


Tarehe 12 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mifuko imefika, yote sita, imekunjwa vizuri mpaka nikaona haya kuikunjua. Hapa kila mtu anakushukuru. Jirani wa chini ameanika nguo wiki nzima na hakupata tone. Jana alituletea chungwa, kwa hiyo nadhani tumesamehewa. Msimamizi alikuja kukagua kwa mikono yake, akaichukua mifuko yangu ya blanketi akaenda kuitupa mwenyewe, ili nisije nikarudia ushamba.

Mchicha nimeuhamishia kwenye mitatu, nimepanda hoho kwenye miwili, na nyanya kwenye ule wa sita. Mama alitaka aishike mifuko kabla sijaijaza. Aliinusa. Mjomba, alicheka! Ni nusu ya mdomo tu inayocheka, ile nusu nyingine imelala, lakini alicheka. Akapitisha kidole kwenye mishono, mfuko mmoja baada ya mwingine, amefumba macho kama ulivyosema. Kwenye ule wa sita, chini kabisa, kidole kilisimama, akagonga mara tatu. Nikamtania, nikamwambia fundi mkubwa naye amekosea leo. Hakucheka tena. Alirudi palepale akagonga tena.

Anakula. Juzi alikula mara mbili kwa siku. Ameanza kunisemesha: "Maji." "Kivuli." "Sogeza." Naamrishwa kama zamani, na sijawahi kufurahia amri namna hii.

Nyanya ni miche minne tu, lakini nimemwambia Mama zikiiva utakuja. Kwa hiyo ni ahadi sasa, si maneno ya barua.

Kijiko


Tarehe 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe sina salamu ndefu, na jibu lako bado halijafika.

Mboga zinakufa. Zilianza majani ya chini, yakawa ya njano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Zikazidi, nikazidi kuongeza. Jana nilitia mkono ndani ya mfuko mmoja hadi chini: ni tope, Mjomba, tope lenye harufu ya mtaro. Mizizi inakatika kama tambi. Maji yote niliyotia tangu Machi yamo humo humo. Hayana pa kwenda. Mifuko yako imefanya kazi yake.

Mama aliisikia harufu kabla yangu. Leo ni siku ya tano amefunga mdomo. Anakubali maziwa vijiko vinne, tena nikimshika kidevu.

Ninachotaka kukuuliza ni kimoja: nitoboe? Nimesimama na kisu roshanini asubuhi yote. Nikitoboa, jirani atalowa, na msimamizi amekwisha kuniambia sitapewa nafasi nyingine. Lakini si hilo tu. Ni kazi ya mkono wako, mshono mara mbili na nta juu, na Mama amekaa pale ananitazama. Siwezi kutia kisu bila kauli yako. Nijibu haraka. Ukiweza mpe barua dereva yeyote wa lori anayekuja upande huu.

Kijiko


Tarehe 4 Aprili

Kijiko,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, na Kufuli hajambo ila leo amefungwa drafti, mara ya kwanza mwaka huu. Anasema nilisogeza kete mbili kwa mara moja. Mzee huyo hajui kushindwa. Samahani kwa maandishi makubwa hivi, kalamu hii mpya ina njaa ya karatasi.

Barua yako ya Machi imenifanya nikae chini. Dada amecheka! Nimemwomba Kufuli anipigie kelele sehemu ile mara tatu, wapakiaji wote wakasikia, na mmoja akaja kunipa mkono kana kwamba nimepata mtoto.

Sasa sikiliza onyo la fundi. Siku moja mtu mwenye akili nyingi atakuambia mfuko unahitaji tundu. Usimkubali! Turubai ukilitoboa tundu moja umelitoboa lote, linaanza kuchanika taratibu kutoka hapo mpaka pindo. Asiguse mtu mshono wangu kwa kisu wala sindano. Nyanya zinapenda maji.

Kuhusu ule mfuko wa sita, mwambie dada uzi ulikuwa mbovu.

Kuja, nitakuja. Si sasa hivi.

Mjomba wako


Tarehe 17 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe nne imefika. Naona yangu ya tarehe mbili ilikuwa bado njiani, kwa hiyo uliniandikia nisitoboe wakati mimi nimesimama na kisu nangoja uniambie nitoboe. Sikulaumu. Nimejilaumu mimi vya kutosha. Nilingoja ruhusa siku kumi na tano, na mboga hazijui adabu za watu. Mifuko mitano imekufa yote. Nimeimwaga kwa ndoo, nikishuka ngazi na kupanda, na tope likinifuata.

Umebaki wa sita. Nyanya moja, mche mmoja kati ya minne, una maua. Nilidhani ni bahati. Kisha nikaona sakafu chini yake imelowa kidogo kila asubuhi. Pale Mama alipogonga, mshono umekwenda upande. Nyuzi mbili hazikukutana, zimeacha nafasi ya kidole. Maji yanatoka hapo. Mjomba, mfuko pekee ulioponyesha mche wake ni ule uliouharibu.

Nilimsogeza Mama nikamwonyesha. Aliweka kidole kwenye ile nafasi, akakaa nacho humo muda mrefu. Halafu akasema, wazi kabisa, sijamsikia akisema wazi hivyo tangu Oktoba: "Haoni."

Nikamuuliza, nani haoni, Mama? Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mjinga. "Mdogo wangu," akasema. Na akalia kwa jicho moja.

Nimezisoma upya barua zako zote. Maandishi makubwa. Kete mbili kwa mara moja. Kufuli akikupigia kelele barua ambayo zamani ungeisoma mwenyewe chooni. Sitaki uniambie habari za uzi mbovu. Unaona au huoni?

Kijiko


Tarehe 1 Mei

Kijiko mwanangu,

Usishtuke kwa mwandiko. Mkono ni wa Kufuli, maneno ni yangu. Nimemwapisha aandike kila ninachosema, hata matusi, ila matusi amekataa.

Sioni. Kuanzia mwaka jana jicho la kulia, na tangu Januari hili la pili linafunga pazia. Ile mifuko yako ndiyo kazi ya mwisho niliyoishona kwenye cherehani. Mitano niliishona mchana kwenye mwanga mkali. Wa sita niliufanya siku ya mawingu, nikajua nimekosea, nikasema nani ataona. Nilisahau nani ataupapasa. Kwa daktari wa macho nilipelekwa nimechelewa, alinishika bega na kuninyamazia, na daktari akikunyamazia ujue. Hapa karakana hawajanifukuza. Wamenikalisha kwenye benchi natia matundu ya kamba pembeni mwa maturubai, kwa kupapasa. Kazi yangu sasa ni kutoboa. Cheka ukitaka.

Barua zako mbili za Aprili zimefika pamoja, zikasomwa kwangu kwa mpigo. Toboa, Kijiko! Chukua msumari, chukua kisu, chukua meno. Toboa yote! Miaka arobaini najisifu kwamba maji hayanipiti, na dada yangu amekaa ghorofa ya tatu na njaa kwa sababu ya sifa hizo. Nifanye nini sasa? Nimuombeje msamaha mtu ambaye kila nikitaka kumtendea wema ninamfungia mlango?

Kuja siwezi. Ni safari ya siku mbili na mabasi matatu, sioni wala sisikii, nitashushwa popote kama mzigo usio na anwani. Na nikuambie ukweli wote: nilikuwa sitaki dada anione nashikwa mkono. Yeye ndiye aliyekuwa akinishika. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, nami hapa nilipo sijui ni kipi kilichotangulia.

Ndani ya bahasha kuna mfuko mmoja mdogo wa blanketi. Nimeushona kwa mkono, bila cherehani, kama alivyonifundisha. Unavuja kila mahali. Mpe aupapase. Mwambie agonge anapotaka.

Mjomba wako


Tarehe 16 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua hii naiweka ndani ya kifurushi, na utaona ni kwa nini.

Mama aliupapasa mfuko wako wa blanketi kuanzia pindo hadi pindo. Hakugonga hata mara moja. Analala nao chini ya shavu. Mifuko mitano nimeitoboa na kuipanda upya, na usiwe na wasiwasi juu ya jirani wa chini. Alipomwona Mama alivyokonda, alishuka akahamisha kamba yake ya nguo hadi dirisha la pili. Sasa ndiye anayekaa na Mama ninapokuwa kinuni. Lakini mchicha una vidole viwili tu kutoka ardhini, na Mama hana nguvu ya kuungoja. Daktari amekuja hapa nyumbani. Hakupima uzito safari hii.

Nyanya zimeiva. Tatu. Nyekundu, kubwa kuliko ngumi ya mtoto. Jana alizichuma Mama mwenyewe, nikimshikilia kiwiko. Nilifurahi mno, nikakimbilia kisu na chumvi. Niliporudi alikuwa ameshika moja akaninyooshea. "Mpelekee." Nikamwambia Mjomba hawezi kuja, na mimi siwezi kukuacha niende siku mbili. Nikamwambia kula wewe, moja tutamtumia. Akatikisa kichwa. "Yeye kwanza."

Nimemuuliza kila namna. Nimemuuliza kama ni hasira. Hapana. Kama anajua maana ya kungoja posta. Akafumba macho. Anachotaka ni kusikia kwamba umekula, na akishasikia atakula mbili zilizobaki. Umesema mwenyewe, hajawahi kujilisha kabla yenu.

Kwa hiyo nimekufungia hii, katikati ya maganda ya mpunga ili isipondeke. Vifurushi vinachelewa kuliko barua, najua. Mwenye dirisha la posta alinionea huruma akaandika "haraka" kwa wino mwekundu, ila alisema hana uhakika kama kuna anayesoma wino huo. Ikifika, ile hapohapo, na uandike siku hiyohiyo. Andika neno moja tu: nimekula.

Kijiko


Tarehe 4 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijui niandike vipi, na najua utasomewa na mtu mwingine. Bwana Kufuli, nakuomba msomee polepole, na umkalishe kwanza.

Mama ametutoka juzi, tarehe mbili, saa nne asubuhi. Alikuwa kitini, roshanini. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, kwa hiyo nilikuwepo, na jirani wa chini alikuwepo. Hakuhangaika. Tumemzika jana.

Kila siku alikuwa ananiuliza, "Amekula?" Nami namwambia bado, Mama, bado kifurushi kiko njiani. Mara tatu nilifungua mdomo nimdanganye. Nilikuwa nimeikunja hata karatasi, niseme ndiyo barua yako. Nikashindwa. Niliona ataomba aipapase. Sasa hivi nawaza, ningemdanganya angekula. Pengine angekula siku moja, akapata nguvu ya siku ya pili, na mchicha ungemkuta. Ukweli wangu umemnufaisha nani?

Nyanya mbili ziko dirishani. Zimeanza kukunjamana. Siwezi kuzila, na siwezi kuzitupa.

Kijiko


Tarehe 14 Juni

Kijiko mwanangu,

Andika haraka, Kufuli, na andika kwa herufi kubwa: NIMEKULA.

Kifurushi kimefika leo. Licha ya wino mwekundu mtu alikikalia, nadhani, maana kimefika kimelowa. Nyanya yenyewe ilikuwa imebaki maji, ngozi na mbegu, imejichanganya na maganda yako ya mpunga. Kufuli alisema itupwe, itaniua. Nikamwambia toka mbele yangu. Nimeila yote. Nimelamba karatasi. Ilikuwa chachu, na ilikuwa tamu, na sijui lini nimekula kitu nikalia namna ile mbele ya madereva wa watu.

Mwambie dada nimekula kwanza, kama alivyotaka. Sasa zamu yake. Barua hii msomee kwa sauti, polepole, na ukifika hapa simama, mpe kijiko.

Mbegu nilizitoa mdomoni moja moja. Nimeshona mfuko kwa kipande cha turubai na nimeutoboa matundu ishirini na moja, nimeyahesabu kwa kidole. Nimezipanda. Zikiota nitamtumia mche, na safari hii maji yatapita.

Kufuli anasema kulikuwa na barua yako nyingine leo, amenipigia kelele habari zake. Nashukuru kusikia dada hajambo na kwamba ana hamu nami. Nimepata nguvu. Nimeanza kuulizia dereva anayekuja upande wenu, anipandishe mbele kando yake. Nishikwe mkono, basi. Yeye ndiye wa kunishika.

Mjomba wako

(Chini ya karatasi, tarehe 23 Juni.)

Binti,

Ni mimi mlinzi, Kufuli. Nimekaa na barua hii siku tisa bila kuiposti. Pole sana kwa mama. Barua yako ya tarehe nne na kifurushi vilifika siku moja, kwenye mfuko mmoja wa posta. Fundi aliponifukuza pale kwenye nyanya, yako niliisoma langoni, peke yangu. Nikarudi kwake. Nilimkuta ameshalamba karatasi, amenyoosha mkono, ananiuliza hiyo nyingine inasema nini.

Mjomba wako hasikii jambo mpaka ulipigie kelele sikioni, na karakana nzima inasikia. Habari njema naweza kuipigia kelele. Ile yako sikuweza. Nilivuta pumzi nikapiga kelele kwamba dada yake hajambo, ana hamu naye. Yeye akashukuru, akaniambia niandike.

Tangu hapo kila asubuhi nasema leo nitamwambia. Mbegu zimeota, miche saba. Anaipapasa kwa ncha ya kidole kila anapoamka, anaihesabu, halafu ananiuliza kama barua imekuja, kama dada amekula. Nami, Mungu anisamehe, namwambia amekula.

Dereva amepatikana. Yeye na fundi wanaondoka Jumatatu; barua hii naipeleka kwa lori linalotangulia leo, lirudi na jibu lako. Niambie nifanye nini.